Dubu Mweupe Hana Mkongo wa Jua

Mtu akiuliza kwa nini dubu wa Aktiki ni mweupe, jibu la kwanza linalomjia kila mmoja ni kwamba anajificha kwenye theluji. Halafu hujitokeza mjuzi wa pili, ambaye amelisoma jambo hilo kwenye kitabu cha maajabu ya wanyama au ameliona kwenye televisheni, akamkosoa wa kwanza. Dubu yule, anasema, si mweupe hata kidogo. Nywele zake hazina rangi, ziko wazi kama kioo, na ndani zina uwazi kama mrija. Kila unywele hunasa mwanga wa jua na kuuteremsha hadi kwenye ngozi, na ngozi yenyewe ni nyeusi tii, kwa hiyo hulifyonza joto lote. Weupe ule, anamalizia, ni mtambo wa kuvuna jua.

Maelezo haya yametamba kwa zaidi ya miaka 40. Yanapendeza, yanakumbukika, na yana nguvu kwa sababu yamefungia uongo mmoja katikati ya kweli mbili. Ngozi ya dubu mweupe ni nyeusi. Hilo ni kweli, na pua na midomo yake inaonyesha. Nywele zake hazina rangi. Hilo nalo ni kweli. Lakini mtambo wa kuvuna jua haupo. Ulipimwa maabara, ukashindwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Yule wa kwanza aliyesema "anajificha" ndiye aliye karibu na ukweli, na amekosolewa bure miaka yote hiyo.

Kwanza hilo la "si mweupe". Mpishi yeyote wa pwani ana jibu lake jikoni. Mafuta ya nazi yaliyopikwa yakatulia huwa angavu ndani ya chupa. Mtu anaweza kuona vidole vyake upande wa pili. Maji nayo ni angavu. Lakini nazi ikikunwa na kukamuliwa, kinachotiririka kutoka kwenye kifumbu ni tui jeupe pe. Hakuna aliyetia rangi. Ndani ya tui kuna matone madogo yasiyohesabika ya mafuta yaliyotawanyika kwenye maji, na mwanga unapoingia hugonga tone hili ukapinda, ukagonga jingine ukapinda tena, mpaka unatoka nje ukiwa na rangi zake zote pamoja. Rangi zote zikifika machoni kwa pamoja, jicho huona nyeupe. Chumvi ni hivyohivyo: punje moja kubwa hukaribia kuwa kioo, lakini rundo lake kwenye mashamba ya chumvi huumiza macho kwa weupe. Povu la bahari ni maji na hewa tu. Theluji ni barafu na hewa.

Dubu ni mweupe kwa njia hiyo hiyo. Unywele mmoja ukishikwa na kuelekezwa kwenye dirisha huonekana kama uzi wa nailoni. Maelfu kwa maelfu yakilala pamoja, kila mmoja na uwazi wake wa hewa na kuta zake zenye mikwaruzo, mwanga hutawanywa pande zote na manyoya yanang'aa meupe. Anayesema dubu si mweupe inabidi akubali pia kwamba tui si jeupe, chumvi si nyeupe, na theluji yenyewe si nyeupe. Akifika hapo, neno "nyeupe" halina kazi tena katika lugha.

Uwazi huo ndani ya unywele si dhana. Mwaka 1979 watafiti wawili wa California, Ralph Lewin na Phillip Robinson, walieleza katika jarida la Nature kisa cha dubu watatu wa bustani ya wanyama ya San Diego waliogeuka kijani. Mwani mdogo sana ulikuwa umeingia kwenye uwazi wa nywele zao na kuota humo, ndani kwa ndani, mahali ambapo kuoshwa hakukufika. Jambo lilo hilo liliwapata dubu wa Singapore mwaka 2004: Sheba na mwanawe Inuka, aliyezaliwa hapo Desemba 1990 akawa dubu mweupe wa kwanza kuzaliwa katika ukanda wa tropiki. Waangalizi wao walilazimika kutumia haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kung'arishia nywele, kuwarudishia weupe wao. Hata porini dubu hawa si weupe wakati wote. Mafuta ya sili wanaowala na jua la miezi mingi huwafanya wawe na rangi ya krimu au manjano, hadi wapukutishe manyoya ya zamani majira ya joto.

Hadithi ya mtambo wa jua ilitoka wapi, basi? Ilitoka kwa watu makini, na hilo linafaa kusemwa kwa heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi David Lavigne na Nils Øritsland walikuwa wakitafuta njia ya kuhesabu wanyama weupe kutoka kwenye ndege. Picha za kawaida zilishindwa: mnyama mweupe juu ya theluji nyeupe hapatikani. Wakajaribu kupiga picha kwa miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi. Theluji ilirudisha miale hiyo ikatokea nyeupe, lakini dubu alitokea mweusi kabisa. Taarifa yao ilichapishwa katika Nature mwaka 1974. Inafaa msomaji aizingatie sababu iliyowasukuma wataalamu hao kutumia kamera ya ajabu: weupe wa mnyama ulikuwa umewashinda kwa kamera ya kawaida.

Picha ile ilizua swali. Kama manyoya hayarudishi urujuanimno, unakwenda wapi? Mwaka 1980 watafiti watatu, Richard Grojean na wenzake, walipendekeza kwa hesabu kwamba huenda nywele huongoza mwanga kuelekea ngozini. Lilikuwa pendekezo, lililoandikwa kama pendekezo. Lilipotoka kwenye jarida la wataalamu na kuingia magazetini, neno "huenda" lilibaki njiani.

Miaka 18 baadaye yalitoka matokeo ya mtu aliyechukua nywele na kuzipima. Daniel Koon, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence, jimbo la New York, aliangaza mwanga upande mmoja wa unywele wa dubu na kupima kilichotoka upande wa pili. Karibu hakuna kilichotoka. Katika urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, mwanga mwekundu uliofika haukuzidi asilimia 0.001. Wa zambarau, ulio jirani na urujuanimno, haukufika hata sehemu moja kwa milioni milioni. Na urujuanimno wenyewe haukuwa na fumbo: unamezwa na keratini, ile protini ya kucha, pembe na nywele za wanyama wote wanyonyeshao. Unaingia kwenye unywele na kuishia humo humo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana kipimo kizuri cha kulinganishia, kwa sababu mawasiliano yao ya intaneti yanapita kwenye mkongo uliolazwa chini ya bahari na kutua Dar es Salaam na Mombasa. Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo safi mno. Mwanga husafiri humo kama kilomita 15 kabla ya kupungua kwa nusu. Katika unywele wa dubu, hata kwa rangi iliyofanya vizuri kuliko zote kwenye vipimo vya Koon, nusu ya mwanga imeshapotea kabla ya milimita 2 kwisha. Nywele ndefu za nje za dubu zina sentimita 5 hadi 15. Kuuita unywele huo mkongo ni kuuita mtaro wa mchanga bomba la maji.

Hata bila maabara, kalenda peke yake ingetosha kuleta shaka. Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard huko Aktiki, uko nyuzi 78 kaskazini. Jua huzama huko mwishoni mwa Oktoba na halichomozi tena hadi katikati ya Februari. Hiyo ndiyo miezi ya usiku mfululizo, na ndimo baridi kali inamoanzia. Dubu dume anazunguka barafuni gizani akitafuta chakula. Jike mwenye mimba amejifukia kwenye pango la theluji, na anazaa huko ndani, karibu Desemba, watoto wenye uzito wa gramu mia sita hivi. Mtambo wa jua unaozimika msimu mzima ambao mnyama anauhitaji zaidi ungekuwa kinga gani?

Watetezi wa hadithi wana hoja moja nzito, na si haki kuipita kimya. Kuna mwanga unaopenya manyoya meupe, si kwa kuongozwa ndani ya unywele bali kwa kutawanywa kutoka unywele hadi unywele. Mwaka 1978 Glenn Walsberg na wenzake walipima manyoya ya njiwa, meusi na meupe. Palipotulia, meusi yalipeleka joto zaidi mwilini, kama kila mtu angetarajia. Upepo ulipoongezeka mambo yaligeuka, kwa kuwa joto la manyoya meusi lilikaa juujuu likapeperushwa, ilhali mwanga uliopenya meupe ulikuwa umefika ndani zaidi. Basi na iwe hivyo: siku ya jua na upepo mwezi wa Aprili, huenda dubu anaambulia chochote kwa njia hiyo. Faida ndogo ya msimu mmoja haitoshi kuwa sababu ya rangi ya mnyama.

Na wako majirani zake. Ng'ombe-miski anaishi Greenland na kaskazini ya Kanada, hashuki kusini wakati wa baridi, hana pango la kujificha, na rangi yake ni kahawia iliyokaribia weusi. Kunguru wa kaskazini hubaki Aktiki usiku wote wa majira ya baridi akiwa mweusi kama makaa. Kulungu-aktiki ana nywele zenye uwazi ndani, kama za dubu, lakini ni wa kijivu na kahawia. Upande wa pili wako mbweha wa Aktiki na sungura wa Aktiki, ambao wengi wao hubadilika kuwa weupe theluji inapoanguka na kurudi kuwa na rangi ya ardhi inapoyeyuka. Ng'ombe-miski akivamiwa na mbwa mwitu hasimami kujificha. Kundi hufanya duara, pembe nje, ndama ndani. Mbweha anawinda kwa kunyatia, sungura anawindwa. Weupe umewafuata wanaohitaji kutoonekana. Haukuwafuata wanaohitaji joto, kwa maana wote pale wanahitaji joto.

Joto la dubu linatoka kwingine kabisa. Chini ya nywele ndefu kuna manyoya mafupi laini yaliyosongamana, na hewa iliyokwama humo ndiyo blanketi. Chini ya ngozi kuna shahamu inayoweza kufika unene wa sentimita 10. Kinga hiyo ni kamili kiasi kwamba kamera za kupima joto humwona kwa shida, kwa sababu uso wa manyoya yake haupishani sana na theluji inayomzunguka: joto liko ndani, halitoki. Tatizo lake akikimbia ni kupata joto kupita kiasi.

Wanaotaka maajabu ya kweli ya manyoya haya wanayo, na ni mapya. Mwaka 2025 kundi la watafiti, miongoni mwao Bodil Holst wa Chuo Kikuu cha Bergen, lilieleza kwa nini dubu anayetoka majini kwenye baridi ya kugandisha hageuki pande la barafu. Siri iko kwenye mafuta ya nywele zake. Nywele zilizooshwa mafuta hayo ziling'ang'aniwa na barafu kwa nguvu mara nne zaidi ya zile zisizooshwa. Wainuiti walilijua hilo kwa mikono yao kabla ya maabara yoyote: wawindaji walifunga vipande vya ngozi ya dubu, manyoya yake yakiwepo, chini ya viatu na chini ya miguu ya vigoda vyao, ili visigande wala kutoa mlio wakati wa kumvizia sili. Hakuna anayehitaji kubuni mtambo wa sola mahali penye ufundi kama huo.

Sasa uwindaji wenyewe. Majira ya kuchipua, jua likisharudi, sili hupanda juu ya barafu kujianika kando ya tundu lake. Usingizi wake ni wa vipande: anafumba macho kidogo, anainua kichwa, anatazama pande zote, analala tena. Dubu anamfuata akiwa ameinama, hatua baada ya hatua. Kichwa cha sili kikiinuka, dubu anaganda alipo. Kikishuka, anaendelea. Anahitaji kufika makumi machache ya mita kabla ya kuchomoka mbio, kwa sababu sili anahitaji sekunde tu kuporomoka kwenye tundu. Mnyama mweusi wa kilo 400 asingekatiza uwanja ule. Na macho ya sili yana aina moja tu ya seli za rangi. Kinachomfikia ni tofauti ya mwanga na giza kuliko tofauti ya rangi. Kwa macho hayo, weupe wa theluji na weupe wa dubu, hata ulioingia umanjano, vinakaribiana.

Wawindaji wa Greenland hutumia hila hiyo hiyo. Humfuata sili anayejianika wakiwa nyuma ya pazia jeupe, bunduki ikichungulia katikati, wakisogea na kusimama kama dubu afanyavyo. Watu hao hawangekuwa wakibeba kitambaa cheupe kwenye baridi ile kama hakisaidii.

Hapa anaweza kusimama mpinzani makini. Mtafiti Ian Stirling wa Kanada, aliyewatazama dubu kwa darubini kutoka juu ya majabali ya Devon Island miaka ya 1970, alionyesha kwamba mara nyingi zaidi dubu hanyatii. Anakaa kando ya tundu la kupumulia na kusubiri, kimya, hata saa nzima na zaidi. Weupe unamsaidia nini pale, iwapo sili anatokea chini ya maji?

Jibu zuri limetoka kwa dubu wa aina nyingine, mahali pasipo na barafu ya bahari kabisa. Kwenye visiwa vya pwani ya British Columbia, kama vile Princess Royal na Gribbell, baadhi ya dubu weusi huzaliwa weupe kwa sababu ya badiliko la jeni moja. Wanaishi msituni, kijani kibichi pande zote, wakivua samaki wa salmoni mtoni pamoja na ndugu zao weusi. Watafiti Dan Klinka na Thomas Reimchen walihesabu nani anapata na nani anakosa, wakachapisha mwaka 2009. Usiku hapakuwa na tofauti. Mchana dubu weupe walifanikiwa zaidi, na samaki walikimbia umbo jeusi kuliko jeupe. Sababu ni nyepesi: anayetazama kutoka majini kwenda juu anatazama anga, na anga ni nyeupe. Sili anayechungulia tunduni anatazama anga ile ile.

Kujificha huku kuna mipaka, na anayekutetea asikutie chumvi. Kulungu-aktiki huona sehemu ya urujuanimno, kwa hiyo inawezekana dubu kwake ni kivuli cheusi juu ya theluji. Na ile ngano kwamba dubu hufunika pua yake nyeusi kwa kiganja anapovizia haina shahidi. Watu waliokaa maelfu ya saa wakimtazama akiwinda hawajaiona. Inafaa itupwe kapu moja na mtambo wa jua.

Kuna kosa jingine linalosikika, hasa Tanzania, ambako watu wenye ualbino ni wengi kuliko sehemu nyingi za dunia: kwamba dubu huyu ni albino. Sivyo. Ualbino hupunguza au kuondoa rangi kwenye ngozi, nywele na macho kwa pamoja. Dubu mweupe ana ngozi nyeusi na macho ya kahawia iliyokolea. Kilichokosa rangi ni nywele peke yake. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2014, ukimlinganisha na dubu wa kahawia ambaye ni nduguye wa karibu, uligundua mabadiliko kwenye jeni iitwayo LYST, ambayo ikiharibika kwa ng'ombe na panya huwafifisha rangi. Babu zao walikuwa na rangi. Katika nchi ya barafu, waliopauka walikula vizuri zaidi na kuacha watoto zaidi.

Walimu wa sayansi, watayarishaji wa vipindi na wanaowaandikia watoto vitabu kwa Kiswahili wanaombwa waiache hadithi ya mkongo wa jua. Imeshapimwa, na imeshindwa tangu mwaka 1998. Haina sababu ya kuendelea kufundishwa huku. Mtoto akiuliza kwa nini dubu wa Aktiki ni mweupe, aambiwe kwamba nywele zake hazina rangi, zinatawanya mwanga kama theluji inavyotawanya, na sili akiinua kichwa haoni kitu cha kukimbia. Akitaka ushahidi wa weupe usio na rangi, apewe nazi, mbuzi ya kukunia na kifumbu.